Salamu za Kupanda Mlima

...tumeshamzika, ndivyo alivyosema kaka yake, tumeshamzika, kama mtu anavyosema tumeshakula, chako kiko jikoni, na yeye bado yuko juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedali, uani mwa nyumba ya wageni pale barabara inapokomea, mbele yake ziwa aliloliota tangu milima ya kwanza, na mama mwenye nyumba kasimama mlangoni na bilauri ya maji, sasa hivi tu alikuwa anapiga vigelegele, amefika, mwanamke peke yake na baiskeli kutoka kule kote, sasa hajui aitue wapi hiyo bilauri, na kaka mtu kashika kiti cha baiskeli kwa nyuma, haachii, anaongea, "hatukutaka kukukatisha, ulikuwa umebakiza kidogo," kidogo, kidogo kwa kipimo gani, Baba anafukiwa yeye yuko wapi, bondeni anachemsha chai, au ile siku mnyororo ulipokatika akacheka barabarani peke yake kama mwehu, alicheka, Baba yuko chini ya udongo naye anacheka, nani kampa huyu ruhusa ya kumwacha acheke... "ilikuwa ghafla, dada, hakuteseka," bila shaka, marehemu wakisimuliwa wote huwa hawateseki, na mtazame alivyovaa, shati limenyooshwa pasi, kapanda basi na shati la pasi kuja kumpokea bingwa, ndiye huyu kaka, bwana taratibu, muuza vitasa na makufuli, tangu utoto kila kitu kwake kina mlango na ufunguo anao yeye, leo kafungia hata msiba, kamfungia Baba, na zile simu je, kila jioni akipata mtandao kaka anapiga, yeye anauliza, "Baba hajambo?" naye anajibu, "Amelala mapema leo," "Basi msogezee simu nisikie hata anavyokoroma," "Acha utani wewe, pumzika," amelala mapema, Mungu wangu, na wala hakusema uongo mshenzi huyu, amelala kweli, amelala kuliko watu wote... na hii mifuko ya turubai inayoning'inia pembeni mwa gurudumu la nyuma nani kaishona kama si Baba, fundi cherehani wa suti za maharusi, kaishona kwa uzi wa kurudia huku akinung'unika, "Kiguu na Njia wewe, mabinti wa wenzangu wanashonewa magauni, wangu ananiagiza matandiko ya punda," hakumkataza kwenda, alinung'unika akashona, ndivyo alivyopenda watu, kwa kunung'unika, na alipomaliza akavuta mishono kwa meno kuijaribu, akasema hii itatuzika wewe na mimi, sasa imemzika yeye, na aliyeibeba hakuwepo hata kutupa konzi moja ya udongo... "wazee wote walikubali," kaka anasema, wazee gani, wazee wana miguu yake, wangemwambia angeiacha hii takataka ya chuma mtaroni, angedandia lori lolote, hata la ng'ombe, angefika ananuka mavi lakini angefika, nani aliwaambia yeye anataka ziwa kuliko baba yake... halafu ule mlima wa mwisho, mawe matupu, magoti yamevimba, alishuka akakaa chini akalia, akaamua basi, liwalo na liwe, narudi nyumbani, na simu ikaita, kaka, "Baba anakusalimia, anasema kama magoti yanauma uuambie mlima ukusogelee nusu, nusu iliyobaki utamalizia wewe," akacheka mpaka makamasi yakamtoka, akainuka, akasukuma, akapanda, nusu wewe nusu mimi, akiuambia mlima njia nzima, Baba huyo, Baba mtupu... hebu ngoja. "Zile salamu," anasema, na sauti yake mwenyewe inamshtua, kavu kama breki zilizokwisha, "salamu za mlima. Alikuwa hai?" Kaka anatazama viatu vyake. "Nakuuliza. Kabla au baada?" "Baada." "Sasa nani alisema?" "Mimi." Mimi! anasema mimi, kamtia marehemu maneno mdomoni, hata mzaha wa Baba kauiba, kwa hiyo aliyempandisha mlima hakuwa Baba, alikuwa huyu muuza makufuli, angeweza sasa hivi kumpanda na tairi juu ya hivyo viatu vilivyong'arishwa, kwenda na kurudi... lakini huyu, huyu hajui mzaha, huyu akitoa mzaha huufafanua mpaka watu wanamwonea huruma, kwenye harusi yake mwenyewe alishukuru wageni kama anayesoma bei za bidhaa, kautoa wapi, lazima alikaa mahali, nyuma ya nyumba, mbali na waliokuwa wanalia, akamtafuta Baba kinywani mwake, akajaribu, akatupa, akajaribu tena, mpaka Baba akaja, na alikuja, kwa sababu hata yeye, binti anayemjua Baba kwa kikohozi tu, hakushuku kitu, basi kule nyumbani sauti ile imebaki kwa nani tena kama si kwa huyu, wa mwisho kabisa ambaye angemdhania... "Nani alimfumba macho?" "Mimi." "Na nani?" "Peke yangu, ninyi nyote mlikuwa mbali," na shati la pasi limelowa mgongoni, na kidevu kinamcheza, hajalia huyu, atalia saa ngapi, kila jioni ana simu ya kupiga na sauti ya kuitengeneza, na hasira iko palepale, isidhaniwe imepungua, ameibiwa maziko ya baba yake, ataidai hiyo mpaka azeeke, lakini kuna swali limeitangulia hasira, na linatoka kwa ukali uleule, mama mwenye nyumba anarudi hatua moja ndani, "Na wewe? Ukishanipigia mimi, wewe nani alikuwa anakupigia?"