Nyayo Chini ya Fidla

Vumbi lilikuwa likielea kwenye mwanga wa projekta, juu ya vichwa vya watu, jepesi kama unga unaochekechwa. Mama hakuliona. Macho yake yalikwisha kuzima. Filamu alikuja kuisikiliza.

Hadithi ya filamu ilikuwa kipenzi chake. Ilitoka kwenye kitabu cha zamani cha mapenzi, kimelegea mgongo, alichomsomea mwanawe tangu hajang'oa meno ya utoto. Kila walipofika pale bwana anaposhuka ngazi na bibiye anabaki mlangoni, mama alinyamaza. Alinyamaza, akagonga jalada kwa kidole: to, to, to. Zilikuwa nyayo za bwana. Mtoto alibana pumzi mpaka ziishe.

Mtoto huyo ndiye aliyetunga muziki wa filamu hii. "Subiri ukurasa wako, mama," alimnong'oneza taa zilipozimwa. "Hapo nimejituma."

Kweli alijituma. Bwana akageuka, fidla zikalia. Bwana akashika ngazi, fidla zikalia. Zikapanda, zikashuka, zikagaagaa, ngoma kubwa ikazijibu kutoka chini, na ukumbi mzima ukatoa leso. Mtunzi akavimba kichwa.

Mkono wa mama ukapapasa, ukamshika.

"Ameshaondoka?"

"Ameondoka, mama."

"Mbona sikumsikia?"

Ee moyo, ungejificha wapi? Haya ilimpanda kuanzia shingoni. Nyayo zilikuwepo. Fundi wa sauti alizirekodi vizuri, kiatu kwa kiatu, na ni yeye mtunzi aliyesema zishushwe sauti, zinamharibia fidla zake.

Watu wakasimama, wakampigia makofi, naye akahisi anazabwa. Mama pia alipiga, taratibu, akitabasamu kama mgeni aliyepewa mchuzi usio na chumvi asitake kumuudhi mwenyeji. Adabu ile ilimuuma kuliko tusi.

Asubuhi alikiteremsha kitabu kabatini, akaketi miguuni pa mama, akasoma. Bwana alipofika kwenye ngazi, akanyamaza. Akagonga jalada. To. To. To. Hata hapo kidole kilitaka kuongeza madoido; akakizuia.

"Huyo," mama alisema. "Huyo anaondoka. Endelea, baba."

Aliuacha mkono juu ya jalada. Vumbi la kitabu lilipanda kwenye mwanga wa dirisha, likaelea baina yao bila sauti yoyote, na kimya kile, safari hii, hakukijaza kitu.