Sheria Ilipopata Meno

Siku Bunge lilipopitisha sheria kali dhidi ya wanaouza watu, sisi wa nyumba ya Segerea tulipika pilau. Ilikuwa nyumba ya serikali ya kuwahifadhi waliookolewa, nami nilikuwa mlezi wao. Tulisema sheria sasa ina meno. Hatukuuliza meno hayo yatalishwa na nani.

Niliyempenda zaidi ni Najma, binti wa Mbagala. Wakala mmoja wa ajira, Albano, alimpeleka Uarabuni kwa ahadi ya kazi ya hoteli, akaishia kufungiwa jikoni kwa watu na kurudi na mkono ulioungua kwa pasi. Aliyemfikisha kwa Albano ni baba yake wa kambo, kwa hiyo kwao hakurudiki. Kesi nzima ilikuwa kinywani mwake.

Albano akakamatwa, akanyimwa dhamana, na wenzake wakamfuata. Gereza likafurika, na mahabusu lazima wale, walindwe, wapelekwe mahakamani. Bajeti mpya ilipotoka, fungu letu halikuwemo. Leodegar wa wizarani alinieleza kwa upole kwamba fedha zote za sheria ile zimekwenda magerezani, maana mahabusu akifa njaa ni aibu ya taifa. Nikamuuliza shahidi akifa njaa ni aibu ya nani. Akatazama simu yake.

Tukafunga nyumba. Mshahara wangu nao ukakoma, nikahamia kwa dada yangu huko Mwenge, nikawa nalala sebuleni na wanawe. Nilimbembelezea Najma hifadhi kwa mapadri na kwa masheikh. Wote waliahidi kumwombea. Mwishowe akanipotea.

Nilimwona tena mahakamani. Alivaa baibui jipya, ameketi na mke wa Albano, wanagawana karanga. Akaitwa kutoa ushahidi. Alipoulizwa kama anamfahamu mshtakiwa, alisema hamfahamu. Kesi ikafia hapo, Albano akaachiwa huru.

Nje nilimshika mkono. Nikamuuliza kwa nini.

"Yule mama kanipa chumba, Mama Koku. Mie namfulia, namlelea wanawe," alisema. "Ningesema kweli, leo ningelala wapi?"

Mke wa Albano akamwita. Najma akaniaga kwa adabu, akaingia garini, akaketi nyuma, pembeni ya yule aliyemuuza.