Mkazo wa Bi Clodomira

Wimbo ulikuwa haujanyamaza sawasawa, na tayari mikono ya Bi Clodomira ilikuwa kwenye vigingi vya gitaa. Alivizungusha vyote sita bila kuviangalia, nyuzi zikalegea kama kamba za kuanikia nguo, ndipo akamkabidhi gitaa mtu aliyeliomba. Bonde letu zima la Ñuble lilijua sababu. Mkazo ule, namna ya kukaza kila uzi hadi sauti yake, ulikuwa wake, aliurithi kwa mama yake, na asingekubali mtu mwingine aupapase. Waimbaji wote wa kike wa kwetu walikuwa na mikazo yao na waliificha, lakini yeye alizidi. Wenye kijicho walisema ana mkono wa birika.

Mimi nilimhusudu waziwazi. Alikuwa mfupi, mnene, na sauti yake nyembamba haikumbembeleza mtu. Lakini akianza kupiga cueca, ngoma yetu ya kucheza wawili wawili na leso mkononi, hata wazee wenye magoti mabovu walianza kutafuta leso mifukoni ili waingie uwanjani. Tangu utotoni nilikuwa nikisogeza kiti karibu naye kwenye sherehe, na nikirudi nyumbani nilijaribu kucheka kama yeye, kwa pua. Nilipofika miaka ishirini na sita nikaenda kumwomba anifundishe. Alinitazama vidole, akasema nije Jumanne.

Alinifundisha kwa mkazo wa kila mtu, ule wa dukani. Sikulalamika. Mimi ni fundi cherehani, nimezoea kuanza na kitambaa cha bei rahisi. Na kama mafundi wote, sikuweza kufanya kitu bila kukipima. Nilinunua daftari, nikaandika maendeleo yangu mwezi kwa mwezi. Juni: kuhamisha vidole kutoka mkao mmoja hadi mwingine, mara kumi na tisa kwa dakika. Agosti: mara thelathini na moja, sugu kwenye vidole vitatu. Oktoba: nyimbo saba, uzi wa tano haulii tena kama nzi chupani. Nilikuwa nikilisoma daftari lile kabla ya kulala na kujiona nimefika mbali sana.

Siku hizi wasichana wanaokuja kwangu wana simu za kuwahesabia hayo yote. Wananionyesha, wananiuliza, "Bi Zunilda, hapa nimefika wapi?" Mimi huwaambia waweke simu mezani wacheze. Wananiona mkali. Hawakumjua Bi Clodomira.

Novemba ya mwaka ule mdogo wangu, Aurelia, alichumbiwa, harusi ikapangwa Januari. Bi Clodomira alikuwa mpigaji, hilo halikuwa na mjadala. Ila baridi yabisi ilikuwa imemwingia mkono wa kulia, na vifundo vya vidole vilivimba. Ilibidi awe na mwenzake kando. Nilikitaka kiti kile kuliko nilivyopata kutaka kitu chochote maishani, mume wangu akiwemo. Nikabeba daftari, nikaenda.

Nilimkuta jikoni akikanda unga wa mkate wa kuoka majivuni.

"Bi Clodomira, nani atakaa kando yako harusini?"

"Atakayeweza."

"Mimi nimefika hamsini na mbili kwa dakika."

"Hamsini na mbili nini?"

Nikamfungulia daftari. Alipekua kurasa kwa vidole vyenye unga, polepole, mpaka mwisho.

"Zunilda mwanangu, unashona suti ya nani hapa?"

Akalifunga, akanirudishia.

"Haya, chukua gitaa. Piga cueca unayoiweza kuliko zote. Mimi naendelea na unga wangu. Usinitazame usoni, tazama mikono."

Nikapiga. Mikono yake ilisukuma unga, ikauvuta, ikausukuma. Nilipohamisha vidole, mikono ikasimama. Nilipoendelea, nayo ikaendelea. Nikahamisha tena, ikasimama tena. Nilihesabu, kwa vile ndiyo tabia yangu, na nilipomaliza ilikuwa imesimama mara kumi na moja.

"Vidole vyako vinafika pazuri," alisema. "Safi kabisa. Lakini ili vifike, unawaacha watu na mguu mmoja hewani wakikungoja. Halafu unakimbia kuwafukuzia. Mimi nikicheza na wewe nitavunjika nyonga."

Nilikwenda nyumbani nikalia juu ya sketi ya mteja. Niliona haya, na nilikasirika kwa sababu alisema kweli. Miezi yote ile nilikuwa nasikiliza vidole vyangu tu. Kesho yake nikaliacha gitaa ukutani. Nikakaa kwenye cherehani, nikakanyaga pedali na kuimba cueca zangu zote kwa mdomo, mguu usisimame hata nikikosea maneno. Nilifanya hivyo wiki tano. Mume wangu akawaambia majirani nimeingiwa na wazimu, na mimi sikubisha.

Jumanne ya mwisho ya Desemba nilimpigia tena, na mikono ya Bi Clodomira ilisimama mara mbili tu. Akaufunika unga kwa kitambaa.

"Utakaa kando yangu."

Nikataka kumkumbatia.

"Nimesema kukaa. Sikusema kupiga gitaa. Utanigongea."

Kugonga ni kazi ya kuinamia gitaa la mwingine na kupiga tumbo lake kwa vidole, kama mtu abishaye mlango, ili wachezaji wasikie mwendo. Hupewa wajomba walevi. Miezi saba, daftari zima, nyimbo kumi na moja, na nilipewa kugonga. Nilikubali kwa sababu lilikuwa tumbo la gitaa lake.

Siku ya harusi tulikaa nyuma ya safu ya wapiga makofi, chini ya kivuli cha mizabibu. Niliposogeza sikio karibu na mbao zile, nilisikia mkazo wake kwa mara ya kwanza kutoka ndani, nyuzi zote zikiitikiana hata zile ambazo hakuzigusa. Nikagonga, nikijisahau kabisa. Aurelia na mumewe walicheza ya kwanza, watu wakafurahi. Walicheza ya pili. Kwetu cueca huchezwa tatu mfululizo, na ya tatu kwenye harusi bibi harusi huicheza na baba mkwe. Baba mkwe alikuwa Nicasio Sepúlveda, mchezaji hodari na mtu wa kisirani, aliyejulikana kwa kukunja leso katikati ya wimbo na kurudi kitini mpigaji akichechemea. Alishawaacha wanawake wawili uwanjani namna hiyo. Sasa walikuwa wakimvuta kutoka mezani, na Aurelia alisimama peke yake akimngoja.

Bi Clodomira alikunja kiganja cha kulia, kikakataa kukunjuka.

"Mkono umekwama," alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja hali ya hewa.

Mkono wake wa kushoto ukaenda kwenye vigingi. Nilijua kinachofuata. Atalegeza nyuzi, anipe gitaa, nikaze upya mkazo wa dukani huku harusi nzima ikinitumbulia macho na mdogo wangu akisimama pale kama aliyeachwa. Mkono ulikaa juu ya kigingi cha kwanza. Kisha ukashuka. Akanilazia gitaa mapajani likiwa vile vile.

Niliweka vidole mkao wangu mzuri kuliko wote, ule wa mkazo wa dukani, nikapiga. Ikatoka sauti ya paka aliyekanyagwa mkia. Mtu akacheka.

"Ondoa vidole," alisema Bi Clodomira.

"Vyote?"

"Vyote. Ziache zenyewe. Wewe piga mwendo tu."

Nikaondoa. Nyuzi tupu zikaitikia kwa pamoja, nene na tamu, na sikuwa nimeshika kitu. Akaanza kuimba. Ilipofika pa kubadilisha, alinigusa kidole kimoja, akakielekeza kwenye uzi wa tatu, kisha akakitoa. Kulikuwa na hayo mawili tu, kuweka kidole na kukitoa. Kila nilichokuwa nimekipima tangu Juni hakikuwa na kazi pale. Kulibaki mguu wangu chini ya kiti, ukikanyaga pedali ambayo haikuwepo, na nilikuwa naogopa mpaka meno yakaniuma.

Sikuona uwanja. Migongo ya wapiga makofi ilinizuia, na mimi nilikuwa nikitazama goti la Bi Clodomira lililokuwa likicheza ndani ya sketi. Nilisikia tu visigino vya Nicasio ardhini. Nilivingoja vinyamaze. Vilipita mzunguko wa kwanza, vikapita wa pili, vikaanza kukanyaga kwa nguvu, na leso ya Aurelia niliiona mara moja ikipanda juu ya vichwa vya watu. Bi Clodomira akafunga wimbo. Visigino vikafunga naye, palepale.

Hakuna aliyegeuka kututazama. Walikuwa wakimshangilia bibi harusi.

Tulipokuwa tukila, Nicasio alikuja mezani kwetu akijifuta shingo. Alipita mbele yangu kama mtu apitavyo mbwa wa nyumba, akainama kwa mwalimu wangu.

"Bi Clodomira, watu wa huku waongo sana. Waliniambia mkono wako umekufa. Ile ya tatu umenipigia kama ulivyompigia marehemu mke wangu tulipooana."

Bi Clodomira alitafuna, akameza. Mkono wa kulia ulikuwa mapajani mwake, chini ya meza, bado umekunjamana.

"Ni kweli, Nicasio," alisema. "Mkono umepona."

Akachukua kipande kikubwa cha mwanakondoo kwenye sahani yake akanihamishia mimi. Nilikula kwa mkono wa kushoto, na wa kulia nikauficha mapajani chini ya meza, kama wake.