Sabuni Kwenye Mkebe wa Phyllis

Mdomo wa mkebe ulikuwa umebonyea upande mmoja tangu ulipoanguka kutoka kwenye bodaboda, na mfuniko haukufunga. Jana Kimeli, dereva anayekusanya maziwa, alimwambia Phyllis kwamba usipofunga leo, nafasi yake kwenye pikapu atapewa mwingine. Kwa hiyo Phyllis alifika mapema kwenye kibanda cha Kepher, kando ya barabara ya Sosiot, na mkebe huo pamoja na ndoo ya maziwa iliyofunikwa kwa kitambaa. Alionyeshwa kiti, hakukaa. Mfuniko aliushika mkononi.

"Gonga tu, fundi. Kwani unauombea?"

"Hii si bati ya matatu, mama. Aluminiamu ikishakunjika inakuwa ngumu. Ukigonga baridi, inapasuka. Lazima ilainishwe kwa moto kwanza."

Alisugua sabuni ya kipande palipobonyea, akaenda nyuma kufungua gesi.

Phyllis alichungulia barabarani. Ng'ambo, kwenye kona, Rebeccah alikuwa ameinua mfuniko juu ya kichwa. Ndivyo wafugaji wa njia ile humjulisha Kimeli kutoka mbali kwamba leo hawana maziwa, asisimame. Basi pikapu ilikuwa imeshaonekana. Phyllis aligeuka, akaona utando wa sabuni kwenye mkebe. Maziwa yenye harufu ya sabuni hukataliwa. Alilowesha leso, akaupangusa wote.

"Haraka, fundi! Amefika!"

Kepher alivaa miwani yake myeusi, akawasha moto. Chuma huwa chekundu kabla ya kuyeyuka. Aluminiamu haibadiliki rangi. Fundi huitazama sabuni, ikigeuka kahawia anaondoa moto. Kepher alitazama. Hakuna kilichogeuka. Akausogeza moto karibu zaidi. Mdomo wa mkebe ulilegea, ukadondoka sakafuni.

Alivua miwani. "Sabuni iko wapi?"

"Nimepangusa. Sabuni na maziwa, wapi na wapi?"

"Hiyo ndiyo ingenionyesha wakati wa kuacha!"

"Ungesema."

"Ungeuliza, mama."

Pikapu ilitokea kwenye kona. Phyllis alikimbia hadi ukingo wa lami, mikono yote juu, akimwita Kimeli. Angemwomba achukue ndoo, leo tu. Kimeli alimwona vizuri. Aliuona pia mfuniko ulioinuliwa mkononi mwake. Akampigia honi ya salamu, akapita.