Bustani Waliyozoea Kulilia

Muuguzi alimwambia Notburga asilie wodini, wagonjwa wanapumzika. Avuke barabara, akalie bustanini. Ndivyo watu wa vijiji vya Litumbandyosi na Namswea walivyofanya miaka yote: maiti ikisubiri usafiri, wafiwa walikaa chini ya miti ile wakalia. Aliyesikia mjini alijua kuna msiba, akaja kuwashika mkono.

Mumewe alikuwa sokoni akitafuta gari. Notburga akavuka, ameshikwa na wifi yake, Vitalia. Kilio alikuwa amekibana tangu alfajiri, Tadea, binti yake wa miaka sita, alipokata roho.

Bustani ilikuwa imezungushiwa mabati. Ndani mlikuwa na viti vya plastiki, na spika mbili zilizofungwa mitini, zimeelekea wodini. Wakaketi kwenye nyasi karibu na lango. Notburga akafungua kinywa.

Mlinzi alifika kabla pumzi ya kwanza haijaisha.

"Mama, siku hizi hapa watu hawalii."

Vitalia akamweleza habari za mtoto. Mlinzi akatazama chini, akatoa pole, akasema hata yeye alimlilia baba yake papo hapo. Lakini sasa bustani ina mwenyewe.

Mwenyewe akaja akitafuna mshikaki. Alikuwa Othmar, bwana mkubwa wa ushirika wa kahawa mpaka ulipofilisika. Vitalia akasimama.

"Shikamoo, mzee. Hii si bustani ya watu wote?"

"Marahaba. Ilikuwa. Mambo ya Ujamaa yamekwisha, mama. Nimepewa kihalali. Nani atakunywa bia huku anasikiliza msiba?"

"Sasa twende wapi?"

"Mna mashamba. Kalilieni huko."

Akampungia mkono kijana wa muziki. Sauti ya dansi ikapandishwa mpaka mabati yakatetemeka. Ng'ambo ya barabara muuguzi akawa anafunga madirisha ya wodi, moja baada ya jingine.

Hapo Notburga hakungoja tena. Akainuka, akaweka mikono kichwani, akayumba huku na huku, akimwita Tadea kwa Kimatengo, mishipa ya shingo imemtoka. Vitalia, aliyemshika kiuno, aliona midomo tu ikienda.

Mteja wa meza ya karibu alimtazama, akatabasamu. Akaweka chupa chini, akaja amenyoosha mikono, kucheza naye.