Baldemar na Jiko la Minerva

Baldemar Cantú aliendesha basi la shule hapa La Parrita kwa miaka thelathini na mmoja, na mpaka leo watu wazima wa mji huu wanamtii kama watoto. Akisema mvua itanyesha, wanaanua nguo. Ndiyo maana siku aliposema, akiwa kwenye kiti cha kinyozi na povu shavuni, kwamba chakula cha Minerva, mwenye mkahawa wetu, kimeharibika, mimi niliyekuwa nasubiri zamu yangu nilishusha gazeti.

"Kimeharibikaje?" Chon kinyozi akauliza.

"Kimekufa," Baldemar akasema. "Zile enchilada ni kama kutafuna bahasha. Maharage hayana habari. Mchuzi wa pilipili umekuwa maji ya kuoshea vyombo. Mimi nasema tu, maana tukinyamaza wote, mji mzima utakufa na njaa huku umeshiba."

Mimi na Baldemar ni macompadre. Nilisimama baba wa ubatizo wa bintiye wa kwanza, na kwetu jambo hilo linafunga watu kuliko damu. Kila Alhamisi mchana tunakula Kwa Minerva, mimi, yeye na mkewe Oralia, ambaye kwangu ni comadre, meza ya pembeni chini ya feni, na tunaagiza enchilada: tortilla, yaani chapati za mahindi, zilizoviringishiwa jibini na kumwagiwa mchuzi wa pilipili. Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita, na mimi jikoni ni wa kufungua makopo. Alhamisi ndiyo siku yangu ya kula chakula cha mtu aliyekipika. Kwa hiyo Baldemar alipokuwa analisema jiko la Minerva, alikuwa anagusa ugali wangu.

"Compadre," nikamwambia, "Alhamisi iliyopita tulikula pamoja. Mimi sahani yangu niliilamba."

"Wewe siku sita unakula vya kopo. Ukichemshiwa kiatu utaagiza na tortilla."

Watu wakacheka, na aliyechekwa ameshashindwa. Lakini sikukubali. Nikawaambia Minerva anasaga pilipili zake mwenyewe, jibini anaagiza kwa mtu yule yule, na mikono inayopika ni ile ile iliyopika harusi za nusu ya wale waliokaa pale. Baldemar akasubiri nimalize, kama alivyokuwa akisubiri watoto wakae kabla hajaondoa basi.

"Yote kweli," akasema. "Ila bahasha."

Neno hilo likatembea. Kufikia Jumapili nililisikia nje ya kanisa, Jumatatu kwenye foleni ya posta. Watu waliokuwa wamekula Kwa Minerva wiki ile ile na kulamba vidole sasa walikuna videvu: "Kwa kweli hata mimi niliona kuna kitu." Mji ukagawanyika pande mbili. Upande wangu tulikuwa watu wachache, na mmoja wao alikuwa muuza vitunguu ambaye Minerva ni mteja wake.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini Baldemar asiongeze tu chumvi. Mama yake alimfundisha kwamba kuomba chumvi mezani ni kumtukana mpishi. Kumsema mpishi mji mzima, hilo mama hakulitaja.

Kilichonishangaza zaidi ni Minerva mwenyewe. Huyu ni mwanamke ambaye padri alipowahi kumwambia wali wake umekauka kidogo, alimjibu kwamba mahubiri nayo. Safari hii hakusema neno. Meza zilianza kubaki tupu mchana, naye alisimama nyuma ya kaunta akifuta mahali palipokwisha kufutwa, midomo ameikaza.

Alhamisi moja chakula kilikuwa kimeshaletwa, Baldemar akainuka kwenda meza ya pili kumsalimia kijana mmoja aliyewahi kutapika ndani ya basi lake mwaka wa themanini na tisa. Salamu zake huwa ndefu. Sahani yake ikabaki mbele yangu, na mimi, kwa tabia yangu ya siku zote, nikachomoa kipande kidogo pembeni.

Bahasha kabisa.

Nikaonja yangu, tamu kama kawaida, pilipili iko mahali pake. Nikarudi kwenye ya Baldemar. Haikuwa na chumvi hata punje, wala mafuta ya nguruwe. Nikainua macho, nikamkuta Oralia ananitazama kama mtu anavyomtazama mbwa aliyesogelea nyama.

"Eliseo," akasema polepole, "meza hicho na ukae kimya."

"Comadre, umefanya nini?"

Akasogeza kiti. Mwezi wa pili, akasema, daktari alimpima Baldemar presha, akapima tena, akaita muuguzi naye apime. Akamwandikia karatasi: asile chumvi wala mafuta ya nguruwe. Baldemar aliichana ile karatasi kwenye maegesho ya magari, akasema daktari mwenyewe ana tumbo. Basi Oralia akaja huku peke yake, akamwapisha Minerva jikoni mbele ya picha ya Bikira wa Guadalupe kwamba sahani ya Baldemar itapikwa kando na siri haitatoka.

"Na nyumbani?"

"Nyumbani nimempunguzia kidogo kidogo. Hajasema neno."

"Hasemi kwa sababu anakuogopa."

"Namshukuru Mungu kwa hilo."

"Lakini comadre, mumeo anamuua Minerva kibiashara."

Akakunja leso ya karatasi mara nne. "Nilidhani atanung'unika wiki moja achoke. Sikujua atafanya kampeni."

Baldemar akarudi, akakaa, akatia uma kwenye sahani, akanionyesha tonge kabla ya kulitia mdomoni. "Tazama. Hata rangi yake imekata tamaa."

Kabla ya kuondoka nilipita mlango wa jikoni. Minerva alikuwa anakanda unga wa mahindi, na ule unga ulikuwa unapata kichapo cha mtu mwingine.

"Najua," nikamwambia.

"Ukijua, funga mdomo. Nimeapa." Akaugeuza unga, akaupiga tena. "Kuna siku nashika kopo la chumvi nasema nimtilie yote afe ameridhika. Mungu anisamehe. Halafu namwangalia Bikira pale ukutani, naye ananiangalia."

Sasa nikawa na mzigo. Kwa kinyozi nilikaa kama mtu mwenye jino bovu. Baldemar akisema bahasha, nilitazama dirishani. Wote wakaona nimesalimu amri. "Hata Eliseo ameishiwa," Chon akasema, na sauti yake ilikuwa na huruma, jambo lililoniuma kuliko kicheko.

Mambo yangeweza kuendelea hivyo, kama Baldemar asingeingia kwenye kamati ya sherehe ya parokia. Kila mwaka mwezi wa kumi Minerva ndiye anayepikia sherehe hiyo, na ile ndiyo sifa yake kubwa. Baldemar akasimama kwenye kikao akapendekeza kazi apewe mpishi wa mji wa pili. Shemasi Evaristo, mwenyekiti, ni mtu mpole asiyependa kumhukumu mtu asiyekuwapo. Akasema kamati haitaamua kwa maneno. Twende tukale.

Tukaenda Alhamisi, watu sita: shemasi, Chon kinyozi, katibu wa parokia, mimi, Baldemar na Oralia. Oralia alisema anaumwa kichwa. Baldemar akamwambia kichwa hakili enchilada, akamfungulia mlango wa gari.

Minerva alileta sahani mwenyewe, moja moja. Ya Baldemar aliiweka mbele yake taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Shemasi akasali, tukaanza. Chon alimaliza wa kwanza, akawa anafuta mchuzi kwa tortilla mpaka sahani ikaonyesha maua yake. Katibu akaomba maharage zaidi. Baldemar akala matonge mawili, akaweka uma chini, akatuzungushia macho.

"Basi mmejionea."

"Tumejionea nini?" Chon akauliza, mdomo umejaa.

"Chumvi iko wapi hapa?"

Shemasi akafikiri. "Ndugu Baldemar, mimi naona chumvi ipo sawasawa."

"Shemasi, wewe unasoma Injili. Usiseme uongo kwa ajili ya kumfurahisha mama wa watu."

"Sisemi uongo. Hii ni tamu sana."

"Hebu nionje hiyo yako."

"Baldemar," Oralia akasema haraka, "si adabu kula sahani ya shemasi."

Uma ulikuwa umeshafika. Baldemar akatafuna. Taya likaenda, likasimama, likaenda tena. Akachota mara ya pili. Kisha akaivuta ile sahani kwake, na shemasi, ambaye ni mtu wa Mungu, akaiachia. Baldemar akala yote. Alikula jibini, vitunguu, na wali uliokuwa pembeni, akafuta mchuzi. Macho yake yalikuwa na maji, na sidhani yote yalitokana na pilipili.

Alipomaliza hakumwangalia Minerva. Alimwangalia mkewe.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili."

"Na wewe, compadre?"

"Wiki tatu," nikasema.

"Wiki tatu unanisikiliza najiaibisha."

"Ulikuwa unafurahia, compadre. Sikutaka kukukatiza."

Nilidhani atagonga meza. Oralia naye nadhani alitarajia hivyo, maana alinyoosha mgongo na kuongea mbele yetu wote bila kupandisha sauti. "Baba yako alianguka akifunga kamba za viatu. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Wewe unatimiza sitini na mitatu mwezi wa kumi na mbili. Nilikusihi kwa maneno ukachana karatasi. Nikabaki na jiko."

Baldemar akaisukuma ile sahani tupu katikati ya meza.

Minerva akaja kutoka nyuma ya kaunta, mikono imelowa. Akaiondoa sahani tupu ya shemasi. Akaisogeza ile nyingine, iliyoonjwa matonge mawili, mbele ya Baldemar.

"Hiyo uliyokula ni ya shemasi," akasema. "Yako ni hii."

Naye Baldemar, kwa kukosa la kufanya, akachukua uma akaila bahasha yake mpaka ikaisha.

Kazi ya sherehe alipewa Minerva, kura zote. Lakini alikuwa na sharti moja kwa Baldemar: aliyoyasema kwa kinyozi ayarudishe kwa kinyozi. Jumamosi asubuhi, duka limejaa, Baldemar akakaa kwenye kiti, akakataa kupakwa povu kwanza.

"Jiko la Minerva halina kasoro," akasema, akijitazama kwenye kioo. "Kasoro iko kwenye mishipa yangu. Mke wangu amekuwa akinilisha bila chumvi tangu mwezi wa pili, mimi nikamlaumu mpishi."

Nilisubiri kicheko, hakikuja. Mzee Chema, aliyekaa karibu na mlango, akavua kofia taratibu.

"Mke wangu alibadilisha siagi tangu Pasaka," akasema. "Aliniambia dukani imeisha."

"Miezi yote hiyo?" mtu akauliza.

"Ndiyo maana naifikiria sasa."

Mwingine akasema soseji za kwao siku hizi zina ladha ya kuku. Chon akasimama na wembe hewani. "Jamani, kahawa ile iliyotolewa nguvu, mtu anaijuaje?" Hakuna aliyejua. Siku hiyo duka lilifungwa mapema, na wanaume wa La Parrita walirudi nyumbani kuonja sahani za wake zao.

Meza za Minerva zilijaa tena, lakini yeye hakusamehe upesi. Kwa mwezi mzima sahani ya Baldemar ilikuja ya mwisho, imepoa, na hakuthubutu kusema. Wake za watu nao walianza kupita mlango wa nyuma wakinong'ona, na Minerva akawaambia wazi: chakula bila chumvi atapika, kiapo hali tena.

Siku hizi Alhamisi Baldemar anakula yake akijua anachokula. Ameacha kulalamika juu ya ladha, ila amenipa kazi mimi.

"Leo ikoje?" ananiuliza, macho kwenye sahani yangu.

"Jibini imeshika vizuri. Pilipili inakuja nyuma."

"Inakuja ghafla au polepole?"

"Polepole."

"Hapana, ya Minerva huja ghafla. Umekosea. Kula tena uniambie."

Basi nakula tena.