Sahihi za Pansit

Mimi si mtu wa kukasirika upesi. Nimemlea mjukuu wangu Jessa, anayeniita Lola, yaani bibi, tangu ana miezi minne. Miguu yake haijawahi kumbeba, na maneno yake hutoka moja moja, kwa kuvutwa. Ukilea hivyo unajifunza kusubiri. Lakini Dokta Belarmino, mkuu wa kituo chetu cha afya, nilimwekea kinyongo karibu mwaka mzima, na sioni haya kulisema.

Alituita kwenye mkutano, sisi walezi na vijana wetu walemavu. Tukapigwa picha, kila mtu akapewa boksi la pansit. Huku kwetu hupati boksi mpaka utie sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio. Tukasaini, tukala tambi zetu, tukarudi nyumbani. Hakuna aliyeulizwa kitu.

Wiki tatu baadaye chumba cha mazoezi ya viungo kikahamishiwa ghorofani. Ngazi ishirini na mbili, lifti hakuna. Chini pakawa ofisi yake. Nilipokwenda na Jessa kulalamika, alinionyesha barua ya kuhamisha chumba, na nyuma yake imebanwa karatasi ile ya pansit.

"Lola Consing, si mlikubali wenyewe? Sahihi yako hii hapa."

"Nilisaini chakula, Dokta."

"Basi si mlishiba?" Akacheka, na nesi wake akacheka.

Miezi kumi na moja Jessa hakufanya mazoezi. Magoti yakakaza hata kumvalisha suruali ikawa kazi. Kila alipolia nikimnyoosha mguu, mimi nilikuwa nasikia kile kicheko.

Kisha tukasikia wakaguzi wanakuja kutoka mkoani. Dokta alikuwa anataka tuzo ya kituo kinachosikiliza vijana walemavu. Mkutano ungefanyika kule kule juu, na sisi tungeletewa bajaji.

"Tusiende," alisema Nang Pasing, mama yake Arnel. "Aaibike mbele ya viti vitupu."

"Atasema tuna mafua. Twende wote, ila asibebwe mtu," nikasema.

"Na... tusi... le," akasema Jessa.

Arnel, kijana wa kilo tisini, akaguna. "Hapo sasa mmeniua."

Siku ilipofika tukapanga viti kumi na nane vya magurudumu chini ya ngazi, tukangoja. Harufu ya pansit ilikuwa inateremka mpaka puani. Dokta akashuka mbio na karatasi mkononi.

"Jamani, wageni wanangoja. Wanaume wapo, watawabeba."

"Mwanangu si gunia," alisema Nang Pasing.

"Basi sainini hapa hapa, maboksi nitayashusha."

"Tumeshiba, Dokta," nikamwambia. "Tangu mwaka jana."

Jasho likaanza kumtoka kwenye nywele, likapita sikioni, likaingia kwenye kola. Nililitazama lote. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Mkaguzi, mama mmoja mnene mwenye miwani, akashuka mwenyewe kuuliza kulikoni. Dokta akafungua mdomo.

"Muulize huyu," nikasema, nikasukuma kiti cha Jessa mbele.

Jessa akamweleza: pansit, sahihi, ngazi, magoti. Ilichukua muda. Dokta alipotaka kufupisha, yule mama aliinua mkono kumzuia. Akaitaka ile barua, akaisoma na karatasi yake ya nyuma, akapanda kuchukua mkoba wake, akaondoka bila kula.

Siku ya tisa chumba kilirudi chini. Dokta akaja kwangu na keki kuomba radhi. Nilimwacha getini juani mpaka nimalize kulisha nguruwe, na siku ile nguruwe niliwalisha mara mbili.

"Sasa mnataka nini zaidi?" aliuliza.

Jessa ndiye aliyejibu. Jambo lolote linalowahusu lisiamuliwe mpaka vijana wenyewe na walezi wao wakae kikao, na kikao akiongoze yeye Jessa.

Cha kwanza kilikuwa Jumatatu, kwenye chumba cha mazoezi. Jessa alianza kusema saa tatu kasorobo. Saa tatu na nusu bado alikuwa kwenye jambo la kwanza, la siku za mazoezi. Dokta alitazama saa yake, akatazama mlango, mwishowe akanitazama mimi, nimsaidie mtoto kumalizia. Neno Jessa alilokuwa analitafuta nilikuwa nalijua.

Nikakunja mikono, nikamsubiri.